Kitabu Kilichosafishwa

Mimi ni mtu wa kinyaa, na kinyaa ndicho kinachonilisha. Kazi yangu ni ukaguzi wa afya. Naingia jikoni kwa watu, nafungua majokofu yao, nanusa mafuta yao, nainama chini ya meza zao na tochi. Wenye migahawa wananiita Bibi Pua nikishatoka, na wengine hawangoji nitoke. Wala sijali. Nimemwona mpishi akionja mchuzi kwa mwiko, akajikuna mgongo kwa mwiko huo huo, akaurudisha chunguni bila hata kupepesa macho. Ukishaona hayo, jina la kejeli halikusumbui tena.

Naishi na dada yangu na binti yake. Ukiniona mimi nina kinyaa, hujakutana na dada. Dada anaosha sabuni. Mgeni akinawa akaondoka, dada huichukua ile sabuni akaisugua vizuri chini ya bomba ndipo naye aiguse. Marehemu mama ndiye aliyetulea hivyo, fagio mkono huu, kofi mkono ule. Mimi usafi wa mama nikaugeuza kazi ya mshahara, na dada akabaki nao nyumbani. Mume wake anafanya kazi mbali, na akija likizo huvua viatu tangu getini, soksi anazibeba mkononi.

Binti tunamwita Kimya, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Ana miaka kumi na minne na anachora tangu alipojua kushika penseli, ila hachori wanavyochora wenzake. Babu yake alipokuja kukaa kwetu, Kimya alimchora vidole vya miguu, kucha zilizopinda na magamba na yote. Dada akamwambia, "Si umchore uso basi, mwanangu?" Kimya akajibu, "Uso kila mtu anauona."

Basi mwalimu mmoja wa uchoraji akatangaza darasa la Jumamosi pale ukumbi wa mtaa, darasa la watoto wakubwa, si wa kupaka bata rangi ya njano. Nafasi zilikuwa chache na sharti lilikuwa moja: mtoto alete kitabu kizima cha michoro ya sehemu moja tu ya nyumbani kwao, sehemu aliyoikalia akaitazama mpaka akaijua. "Sitaki maua, sitaki jua linazama, na sitaki picha ya kwenye simu," mwalimu alituambia wazazi. "Nataka nijue mtoto anaweza kuangalia. Kuchora nitamfundisha mimi."

Kimya alinishika mkono akanifinya. Sijawahi kumwona akikitaka kitu waziwazi namna ile.

"Ma'mdogo," aliniambia njiani, mama yake akiwa mbele kidogo akikwepa madimbwi, "nikikosa hapa, naacha kuchora."

"Acha maneno yako."

"Kweli. Nimechoka kuchora peke yangu."

Mtoto anayesema maneno machache, hayo machache inabidi uyaamini. Kesho yake tukaenda dukani wote watatu.

Duka lenyewe ni la vifaa vya shule, refu na jembamba, lina harufu ya gundi na makaratasi yaliyopata unyevu. Upande wa kushoto kuna vitu vya watoto wadogo: vitabu vya kupaka rangi, mihuri ya vipepeo, kalamu nene kama ndizi. Upande wa kulia, ndani ya kabati la kioo lililofungwa kwa kufuli, kuna vitu vya watu wazima waliosomea. Katikati hakuna kitu. Ungedhani mtoto akifika miaka kumi na mbili anakatwa mikono, halafu anarudishiwa akishaoa.

Muuzaji alikuwa na mafua. Alijifuta pua kwa mgongo wa mkono, akalamba kidole, akafunua ukurasa wa kwanza wa kitabu cha kuchorea atuonyeshe karatasi. Akalamba tena, akafunua wa pili. Dada alirudi nyuma hatua nzima.

"Hicho sasa ni chako, kaka yangu," alisema. "Tuletee ambacho hujakilamba."

Muuzaji akacheka akadhani ni utani. Akatuletea sanduku la plastiki lenye mpini. Akalifungua kwa mbwembwe kama anafungua mahari: rangi za maji, rangi za mafuta, penseli za rangi, brashi, rula, kila kitu kimebanwa kwenye kitobo chake. "Hii ndiyo wazazi wote wanachukua. Mtoto hatadai kitu tena."

Niligusa rangi moja kwa kidole ikavunjika ikawa unga. Brashi nikaivuta kidogo, nywele zikabaki kiganjani mwangu, na gundi yake ilikuwa na uvundo wa kwato. Penseli za rangi zilikuwa zimetiwa manukato ya stroberi, kila moja, hata ile nyeusi. Katika kazi yangu, penye harufu nzuri pasipo na sababu huwa nainama kutafuta kilichofia hapo. Hao waliotengeneza sanduku lile walimwona mtoto ni mtu asiye na macho wala pua, apewe vitu vingi vibovu kwa pamoja ili asipate muda wa kuona ubovu wa kimoja.

"Zinanukia vizuri," dada akasema, akiinusa penseli.

"Dada, rudisha hiyo."

Dada akahamia kwenye vitabu vya kufundishia. Akachukua kimoja cha kuchora paka kwa hatua: duara, duara dogo, masikio, sharubu. "Ona hiki, mwanangu. Ukifuata hivi hukosei."

"Nitakuwa nimechora paka wao," Kimya akasema.

Yeye alikuwa ameshachuchumaa penye rafu ya chini. Alikuwa anachukua kitabu kimoja kimoja, anafunua katikati, anasugua karatasi baina ya vidole, anaibonyeza kwa ukucha. Hiki chembamba, penseli itatokea nyuma. Hiki kinateleza, hakishiki kivuli. Hiki kimeshonwa vibaya, hakilali kikafunguka, atakuwa anapigana nacho. Mwisho akanyanyuka na kitabu kimoja cha karatasi nzito yenye mkwaruzo kidogo, kimefungwa kwa waya juu, jalada gumu la kahawia lisilo na picha yoyote. Halafu akamwomba muuzaji afungue kabati la kioo.

"Penseli ni penseli tu, binti," muuzaji akasema, na pua ikamchuruzika.

"Nataka moja ngumu, moja ya kati, na mbili laini nyeusi."

Alipata penseli zake. Akaomba na makaa ya kuchorea, akayajaribu kwenye kipande cha boksi, na kwa mstari mmoja tu nikaona ukingo wa kaunta umetokea pale, na kiza chake chini. Lakini dada alikuwa anaangalia vidole vya mtoto, si boksi. Vilikuwa vyeusi hadi kwenye viungo.

"Hiyo haiingii nyumbani kwangu," akasema, na kitambaa cha mfukoni kikawa kimeshatoka. Makaa yakarudi kabatini. Kama kufidia, dada mwenyewe akamchagulia raba, kubwa, nyeupe, ya bei mbaya. "Ya kufutia makosa," alisema, na akaridhika na safari nzima.

Sasa niwaambie kuhusu chini ya sinki. Nyumba ya dada inang'aa kiasi kwamba nzi akiingia anajiuliza kama amekosea njia. Lakini chini ya sinki la jikoni pana pazia la maua, na nyuma ya pazia lile dada haendi, kwa sababu pana mende, na dada anaogopa mende kuliko simba. Bomba la kule lilikuwa linavuja tangu zamani. Mtu fulani alilifunga tambara, akaweka beseni chini, na pazia likashushwa. Mimi ninayefunga jikoni za watu napita hapo kila asubuhi na kikombe changu cha chai. Mganga hajigangi.

Kimya ndiko alikokwenda kukaa. Kila akitoka shule alichuchumaa mbele ya pazia, amelifunua kidogo kwa kibanio cha nguo, na mama yake akipita alidhani anachora maua ya pazia. Alifurahi hadi akaanza kutafuta fremu.

Siku moja nikala mkate mezani huku nikifunua kitabu chake. Mkate ulinikwama. Lilikuwemo lile tambara, kurasa kwa kurasa, limevimba, limeshiba maji, limeota utelezi. Ute ulikuwa umening'inia kutoka kwenye bomba, mrefu, haujaamua kudondoka. Mende alikuwa amelala chali kwenye ukingo wa beseni, mguu mmoja haupo. Yote kwa penseli tu, nyeusi juu ya nyeusi, hadi nikatazama vidole vyangu kama vimelowa. Nikataka kutapika, na papo hapo sikuweza kuacha kufunua.

"Hapa ni mgahawa gani?" nilimwuliza, nimeshaanza kukasirika na mwenye mgahawa.

Kimya akanyoosha kidole kwenye pazia.

Nilitaka kumwita fundi bomba saa ile ile. Akanisihi nimwache amalize kwanza. Nikamwachia, na siku zote zilizobaki nikawa naosha vyombo mabega juu, nikihisi kitu kinanipumulia kwenye magoti.

Ijumaa, siku moja kabla ya kupeleka vitabu, nilirudi kazini mchana nikakuta nyumba inanuka klorini hadi macho yanawasha. Dada alikuwa jikoni, mikono imevimba, kilemba kimekaa upande, anatabasamu. Pazia la maua halikuwepo. Chini ya sinki palikuwa peupe, pamesuguliwa, bomba jipya, beseni limetupwa, tambara limetupwa.

"Nimepigana na mende leo peke yangu!" akasema. "Na kitabu cha mtoto nacho nimekisafisha. Kilijaa masizi, mdogo wangu, ungekiona! Apeleke kitu kile kwa mwalimu, si watasema hana mama?"

Alikuwa amekifunga kwenye mfuko safi. Nilikitoa, nikakifungua.

Alikuwa amefuta vivuli vyote. Ukurasa baada ya ukurasa, kwa ile raba ya bei mbaya, kwa bidii ileile anayosugulia masufuria. Ilibaki mistari ya nje, myembamba, imeyumbayumba, na karatasi imetoka manyoya. Tambara lilikuwa wingu. Beseni lilikuwa duara. Mende alikuwa yai lenye miguu. Kwenye ndoo ya taka kulikuwa na mabaki ya raba, meusi, madogomadogo, kama mavi ya panya.

"Dada. Ule haukuwa uchafu. Ile ndiyo ilikuwa michoro."

"Michoro si hiyo? Mistari yote nimeiacha. Nilikuwa mwangalifu sana."

Kimya aliingia akiwa bado na begi la shule mgongoni. Alifunua kitabu toka mwanzo hadi mwisho, bila haraka, akakifunga. "Sawa, mama," akasema. Akaenda kukaa kwenye ngazi za nje. Afadhali angelia. Afadhali angevunja sahani. Ile sawa yake ilinikaa kifuani kama mwiba wa samaki.

Jumamosi tulikwenda hivyo hivyo, nilimlazimisha mimi. Ukumbini wazazi na watoto walikuwa wamepanga foleni hadi mlangoni, kila mmoja na kitabu chake kwapani, na wa nyuma wanachungulia vya wa mbele. Dada alivaa gauni jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Mwalimu alifunua kitabu cha Kimya, akakiinua kwenye mwanga, akapitisha kidole juu ya karatasi iliyokwaruzika.

"Hapa palikuwa na kitu," akasema. "Nani amefuta?"

Nilimtazama dada. Dada alikuwa anafuta kiti cha plastiki kwa kitambaa chake, kiti ambacho hakuna aliyemwambia akalie.

"Mimi," Kimya akasema.

Nikafungua mdomo. Yule mtoto akanishika kifundo cha mkono akanibana kwa kucha mpaka nikaufunga.

"Anayeifuta kazi yake hivi ameiogopa," mwalimu akasema, si kwa ukali. "Nitakuwekea nafasi mpaka Jumamosi ijayo. Uje na kitabu kingine, kipya, cha nyumbani kwenu. Ukikifuta na hicho, usije tena."

Tulirudi kwa miguu. Kimya alitangulia. Nilingoja tufike penye uwazi ndipo nikamgeukia dada yangu.

"Umemwacha mtoto abebe kosa lako. Mbele ya watu wote wale."

"Yaliyopita si ndwele, mdogo wangu, tugange yajayo."

"Usiniletee methali! Ungesema tu kwamba ulidhani ni masizi."

Dada akasimama. "Unafikiri mimi mjinga?" akasema kwa sauti ya chini. "Unafikiri sijui kivuli ni nini? Nilifungua kile kitabu nikaliona tambara langu. Niliona ute. Nikaona mtu yeyote mwenye macho atasema, huyu mama anayejifanya malaika, jikoni kwake kumeoza. Ulitaka nikae pale na gauni langu wazazi wenzangu wapokezane uozo wangu mkono kwa mkono? Na wewe bibi afya, wangejua unalala nyumba gani?"

Lile la mwisho lilinichoma, kwa sababu nilikuwa nimeshaliwaza mwenyewe. Lakini sikumjibu kwa hilo. Nilikuwa namtazama dada yangu, mikono yake myeupe kwa klorini, kola yake isiyo na hata doa, na kile kinyaa changu cha kazini kikanipanda kutoka tumboni hadi kooni. Nimeshika nyama yenye funza. Nimetoa paka mfu kwenye tangi la maji ya kunywa. Sikuwahi kuona kitu kichafu kama dada yangu alivyokuwa pale barabarani.

"Unanichefua," nikamwambia. Nikamwambia hivyo hivyo, mkubwa wangu, na nikatangulia.

Jioni ile mimi na Kimya tulirudi dukani. Nilimwambia achague anachotaka na asitazame mtu. Akachukua kitabu kilekile cha jalada la kahawia na makaa ya kuchorea, boksi zima. Muuzaji alilamba kidole kufungua mfuko wa kufungia na mimi nikamnyang'anya.

Lakini sasa hapakuwa na cha kuchora. Kimya alikaa mbele ya sinki, akatazama vigae vyeupe na bomba jipya linalometa. Akainuka akazunguka nyumba. Kila kona ilikuwa imesuguliwa, maana dada akiwa na uchungu husugua, na tangu turudi hakuwa amekaa chini. "Hakuna kitu, Ma'mdogo," akasema. "Hakuna hata pa kuanzia." Kitabu kikabaki wazi na cheupe juu ya mapaja yake.

Jumapili mchana tulikula maharage bila kusemezana. Dada alikusanya sahani, akaziosha, akazikausha, akaosha sinki. Ikabaki sufuria. Ilikuwa na maharage kidogo chini, na ukoko ulioungua pembeni. Aliichukua, akafungua bomba, akashika stilwaya ya kusugulia mkononi, kisha akasimama. Alisimama muda, maji yanakwenda bure, jambo ambalo nyumbani kwetu ni dhambi. Akafunga bomba. Akairudisha sufuria mezani, upande wa dirishani panapopata jua, upawa ukiwa bado ndani.

"Isioshwe," akasema, hakutazama mtu. "Ni ya mtoto."

Mimi nilidhani atashindwa kabla ya giza kuingia. Hakushindwa. Siku ya kwanza maharage yaliota ngozi. Siku iliyofuata ngozi ikapasuka, povu likachungulia, na harufu ikaanza, ile harufu chachu inayokushika nyuma ya ulimi. Kisha ukaja ukungu, mweupe kwanza, laini kama kifaranga, halafu wa kijani, halafu mweusi wenye nukta. Nzi wakapata habari. Tulikula kwenye meza ile ile, maana hatuna nyingine, na mimi mwenye tumbo la chuma niliacha chakula changu nikatoka nje kuvuta pumzi. Kimya alichora. Mikono ilikuwa myeusi hadi viwikoni, mashavu meusi, mpini wa mlango mweusi, swichi ya taa nyeusi.

Dada alizunguka meza ile kama mtu anayezunguka mbwa mkali. Aliosha kila kitu kilichoizunguka sufuria hadi ukaonekana mpaka. Mara moja nilimkuta ameinua kitambaa kumfukuza nzi, Kimya akasema, "Mama, namchora huyo," na dada akashusha mkono akaubana kwapani. Alikonda. Alikuwa anatapika, nilimsikia bafuni, na akitoka anarudi palepale nyuma ya bega la mtoto. Mwanzoni alitazama dari. Baadaye akatazama sufuria. Alhamisi akatazama karatasi.

"Hapa chini ya mpini," akasema, akiziba pua kwa pindo la kanga. "Mbona umepaacha peupe? Pana giza pale."

Kimya akatazama sufuria, akatazama karatasi, akatia giza. Ndiyo mazungumzo marefu waliyofanya wiki ile.

Jumamosi ukumbi ulijaa kuliko mara ya kwanza. Dada alivaa gauni lile lile jeupe, pasi ile ile. Kitabu alikibeba Kimya mwenyewe. Zamu yetu ilipofika mwalimu alifunua ukurasa wa kwanza, akafunua wa pili, na wa tatu akarudisha kichwa nyuma na pua ikamkunjamana, kama kwamba kimemfikia kitu kutoka kwenye karatasi. Wazazi wa nyuma wakanyoosha shingo. "Mh! Kinyaa gani hiki?" mama mmoja akasema, na mwingine akamziba mtoto wake macho.

Mwalimu alifika mwisho akarudi mwanzo. Kisha akamtazama dada: gauni, kola, kucha zilizokatwa sawasawa, kitambaa kilichokunjwa pembe nne. Nikaona uso wake unabadilika, na nikajua anachofikiri kabla hajakisema.

"Binti," akamwambia Kimya, "nilisema sitaki picha za kwenye simu. Unajua kuchora, sikatai. Lakini nilisema cha nyumbani kwenu. Kwa mama huyu, sufuria hii haiwezi kukaa hata saa moja."

Kimya aliinamisha kichwa. Alikuwa amekwisha kubeba kosa moja na hakuwa na nguvu ya kueleza jingine. Mwalimu alianza kufunga kitabu.

"Ni yangu," dada akasema.

"Samahani?"

"Sufuria. Ni yangu, ni ya nyumbani kwangu, iko mezani kwangu mpaka sasa hivi, na tunakula pembeni yake." Sauti ilikuwa kubwa, ikafika mlangoni. "Na hajaongeza kitu. Kila kilichomo humo kimo kwangu. Hata nzi. Na kile kitabu cha kwanza mtoto hakufuta. Nilifuta mimi, kwa sababu niliona haya."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu wangecheka. Yule mama wa nyuma alivuta gauni lake lisiguse la dada, akasogea, na aliyekuwa nyuma yake akasogea, hadi pakabaki uwazi pande zote, na dada yangu aoshaye sabuni yuko katikati, watu wanamtazama kama ninavyotazama mimi jikoni za watu. Masikio yake yalikuwa mekundu. Mikono ilikuwa inatafuta kitu cha kufuta na haikufuta.

Mwalimu akamwambia Kimya apite ndani akachague pa kukaa. Dada hakuondoka. Alisimama palepale, amenyooka, akamwangalia mtoto wake hadi akapita mlango wa ndani, na mimi nikavuka ule uwazi nikaenda nikasimama naye.